Kiota cha Kuku na Usafi Wetu



Ndugu zetu wasomaji, leo tumeazimia kuandika juu ya kuku. Twajua kwamba wako watakaocheka, na wako watakaouliza kama darsa yetu imekwisha maneno hata ikaingia jikoni. Waraka huu umezoea kusema juu ya mahari yasiyolipika, na khitima za fahari, na hirizi. Basi kuku wameingiaje? Wameingia kwa sababu sisi wenyewe tumewakosea, na katika kuwakosea hao tumemkosea mja wa Mwenyezi Mungu ambaye haki yake i shingoni mwetu. Kosa tulilitenda mbele ya watu, na haitufalii kulikiri chumbani.

Ni desturi ya darsa yetu kupanda bara wakati wa likizo za skuli, kuwazuru ndugu zetu Waislamu wa Makueni na Kitui. Njia ni ile ya Nairobi mpaka Kibwezi. Hapo mtu hukata mkono wa kulia, akavuka mto Athi ambao ndio mpaka wa kaunti hizo mbili, akapita Ikutha na Mutomo hata akafika Kitui mjini. Zamani ilikuwa njia ya vumbi na mashimo. Siku hizi ni lami. Watu wa huko si wageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe za ndovu, ikirudi na nguo na shanga; na baadaye reli ilipopita Makueni, miji ya Mtito Andei, Makindu na Sultan Hamud ikakua ubavuni mwake. Hata leo, asiyepata kufika Ukambani amekwisha kula pojo zake na asali yake, na kuku wake amewaona wakiteremshwa katika matenga.

Basi safari moja tulifikia kwa mama mmoja mjane, kijijini, kati ya Ikutha na Mutomo. Ni Mwislamu mwenye kuswali sala zake, naye analea wajukuu wanne waliofiwa na wazazi. Ile ni nchi kavu. Mvua za kutegemewa zaidi ni za Oktoba hadi Disemba, nazo zikikosa hakuna mtama wala kunde. Kuku ndio benki ya mama yule: mtoto akitaka sare ya skuli, kuku wawili huuzwa, mtu akiugua usiku, jogoo huuzwa asubuhi.

Tulipoingia nyumbani kwake tulikuta kuku watatu wanatamia. Mmoja alikuwa nyuma ya mlango ndani ya kyondo kikuukuu, wa pili jikoni katika chungu kilichovunjika mdomo, wa tatu chini ya kitanda cha watoto. Palikuwa na harufu, na mavi makavu hapa na pale. Nasi, katika madhehebu yetu ya Shafi, twajua kwamba mavi ya kuku ni najisi. Tukawasomea watu waliokusanyika mlango wa tohara, tukaeleza nafasi ya usafi katika imani. Kisha vijana wetu, kwa bidii ambayo laiti ingekuwa na ilimu, wakaingia kazini. Wakatoa vile viota vitatu. Majani na manyoya wakayachoma moto. Mayai yote, nayo yalikuwa 34, wakayaosha kwa maji ya baridi yaliyotiwa dawa ya kuulia vijidudu, wakayafuta moja moja kwa kitambaa. Tulikuwa tumekwisha mlipa seremala kiasi cha fedha, naye akaunga tundu la mbao na waya nje ya nyumba. Basi mayai yakatiwa humo juu ya majani mapya, na kuku wote watatu wakafungiwa pamoja. Tukapiga picha. Tukaswali Laasiri katika nyumba safi, tukaondoka tukimshukuru Mungu, na kwa kweli tulikuwa tukijishukuru nafsi zetu.

Baada ya miezi miwili tulirudi. Tundu lilikuwa safi sana, kwa kuwa halikuwa na kitu. Kati ya mayai 34 yalikuwa yametotoa mawili. Yaliyobaki yalikuwa mayai viza. Mama hakutulaumu. Alituandikia chai, akatuuliza habari za Mombasa. Mzee wetu ndiye aliyemshika maneno: "Mama, mbona hukutuzuia siku ile?"

Akajibu: "Shehe, nyinyi mlikuwa wageni wangu, na mgeni hazuiwi. Lakini kuku naye alikuwa mgeni wangu wa siku ishirini na moja."

Jibu hilo lilituingia. Mtoto mmoja muhula ule hakuvaa sare, na sababu yake tuliijua. Ndipo tulipoketi chini tukajifunza jambo ambalo ilitupasa kujifunza kabla ya kushika fagio, kwa mama yule kwanza, kisha kwa maofisa wa mifugo na katika vitabu. Tutayaeleza kwa urefu kidogo, kwani wengi wetu mjini hufuga kuku wawili watatu uani, au huwanunulia watoto sungura na ndege wa kuchezea, na kosa letu hutendwa kila siku katika nyumba zilizo safi kuliko zote.

Kuku wa kienyeji hutaga yai moja karibu kila siku, mpaka yakitimia kumi au kumi na tano hivi. Yai la kwanza haliharibiki kwa kungoja. Uhai uliomo umesimama, haukui mpaka joto la kudumu lije. Ndiyo sababu mayai ya siku mbalimbali hutotoa siku moja. Kisha hali ya kuku hubadilika. Sauti yake huwa nzito, hutimua manyoya akikaribiwa, hudonoa mkono unaomlisha. Hujinyonyoa manyoya ya kifua, na mtu asiyejua husema kuku huyu ana maradhi. Hana maradhi. Amefungua ngozi yake ili iguse mayai bila ya pazia, kwa kuwa mayai yataka joto la karibu nyuzi 38, na manyoya yangelizuia. Manyoya aliyoyang'oa huyatandika kiotani. Vijana wetu waliyaita takataka.

Mayai huyageuza kwa mdomo mara nyingi mchana na usiku, ili mtoto aliyemo asigande upande mmoja wa gamba. Huondoka mara moja kwa siku au zaidi kidogo, kwa muda wa robo saa hivi, akala, akanywa, akajigaagaza mchangani, akanya kinyesi kikubwa chenye harufu kali mbali na kiota, kisha akarudi mbio. Hakika anayesema kuku ni mchafu hajamwona anayetamia: saa nyingi hujizuia ili asichafue mahali pa wanawe. Na kule kujigaagaza mchangani ndiko kuoga kwake; vumbi huingia kati ya manyoya likawatoa chawa na utitiri. (Kijana mmoja wa darsa aliuliza kama hiyo si tayamamu ya kuku. Tulimwambia asome tena mlango wa tayamamu, lakini swali lake lilituchekesha, nalo lilikuwa bora kuliko fagio lake.)

Siku ya 20 au karibu yake mtoto hulia ndani ya yai, na mama humjibu. Hawa ni umma wanaozungumza kupitia gamba. Qur'ani katika sura ya Al-An'am imetufahamisha kwamba wanyama wa ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umati mfano wetu. Nasi tulikuwa tumeisoma aya ile mara ngapi? Tena twaisoma kwa tajwidi nzuri.

Sasa tazameni tulilofanya. Yai linapotoka lina utando mwembamba usioonekana, umefunika vitundu vyake ambavyo ni vya maelfu. Kwa vitundu hivyo mtoto hupata hewa, na kwa utando huo uchafu huzuiwa. Tulipoliosha tuliuondoa utando. Na kwa kuwa maji yalikuwa ya baridi na yai lilikuwa na moto wa kifua cha mama, kilichomo ndani kilijikunja, kikavuta maji na uchafu kuingia. Tukaliacha yai linang'aa na mlango wake wazi. Kisha tukawatoa kuku mahali walipopachagua penye giza na utulivu, tukawatia watatu mahali pamoja, katika mwanga, juani, wakigombea mayai na kuyapasua. Mchana ule, nasi hata Kibwezi hatujafika, wawili walikuwa wamekwisha kuyakataa. Yote haya yalifanywa kwa jina la usafi.

Wala fikihi yetu haikutuokoa, kwa sababu nayo tuliisahau. Tulihofia najisi katika mahali pa kuswalia. Na kila mwanafunzi wa chuoni ajua kwamba mahali pakavu penye najisi, mtu akitandika mkeka safi juu yake, sala husihi. Mkeka tulikuwa nao. Ulikuwa umekunjwa ndani ya gari.

Na hadithi za Mtume s.a.w. katika mlango huu si chache. Katika mapokezi ya Abu Daud kuna habari ya ndege mdogo aliyechukuliwa makinda yake na masahaba safarini, akawa akipiga mbawa juu yao. Mtume akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya wanawe, akaamrisha warejeshwe. Na katika mapokezi hayo hayo kuna mtu aliyekuja na makinda ndani ya nguo yake, mama yao akajitupa juu yao asikubali kuwaacha. Naye akaamrishwa awarudishe alikowatoa, mama na wana. Ibn Umar r.a. alipita penye vijana waliomfunga kuku na kumfanya shabaha ya mishale, akawakemea kwa kuwatajia laana ya Mtume kwa atendaye hivyo. Wazee wetu wa pwani walikuwa karibu na mafunzo hayo waliposema kwamba kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Sisi hatukumlenga jiwe, tulimlenga sabuni.

Jambo hili si la kuku peke yake. Nchi nyingi leo watoto hufuga mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye hamsta, na wachache wanaojua kwamba asili ya wengi wa hao ni kiota kimoja kilichofukuliwa karibu na mji wa Halab, nchi ya Sham, mwaka 1930. Mtaalamu wa wanyama, Israel Aharoni, alitaka kupata mnyama huyo. Wakachimba shamba, wakakuta mama na watoto 11. Walipotiwa sandukuni, mama alimwua mtoto wa kwanza aliyemsogelea. Waliokuwapo wakamwua mama, na watoto wakalelewa kwa mkono. Walimhesabu kuwa ni mkatili, nao ndio waliomfukua! Na hata leo mfugaji wa hamsta huonywa kwamba mama akizaa, kiota chake kisiguswe kwa wiki mbili hivi, asije akawala wanawe kwa hofu. Na kwamba hata siku za kawaida hutolewa pembe yenye mkojo tu, na sehemu ya kitanda chake cha zamani ikaachwa ili aijue harufu ya kwake. Sungura naye ni vivyo hivyo. Hujinyonyoa manyoya ya tumbo karibu na kuzaa, akafunika watoto wake, kisha hukaa mbali nao, akija kuwanyonyesha mara moja au mbili kwa siku kwa dakika chache. Nyumba ngapi mjini zimesema mama amewatupa wanawe, zikawatoa na kuwashika mkono kwa mkono hata wakafa?

Asije mtu akatusoma vibaya akadhani twahubiri uchafu. Uchafu huua kuku. Katika nyufa za mti na udongo hujificha utitiri mwekundu usioonekana mchana, usiku hutoka ukanyonya damu. Wakizidi, kuku anayetamia huacha mayai yake na kukimbia, na mwenye nyumba husema amerogwa. Kuna papasi, na kuna viroboto wanaong'ang'ania kwenye upanga na kando ya macho ya kifaranga mpaka akapofuka. Kinyesi kikilowa hutoa hewa kali ichomayo macho na mapafu. Kwa hivyo kazi ya kusafisha ipo, na ni kubwa, ila ina wakati wake. Kabla kuku hajaanza kutamia, majani ya zamani hutolewa yakachomwa, kyondo au sanduku huanikwa jua kali, nyufa za ukuta huzibwa kwa udongo, na chini hutiwa jivu lililochekechwa, kisha majani makavu mapya. Akiisha kukaa, mkono hukoma. Yule mama wa Mutomo hungoja kuku aondoke kwenda kula. Katika robo saa ile huondoa yai lililopasuka na kinyesi kilichoanguka karibu, wala hapapasi mengine. Mahali pa kujigaagaza, penye vumbi na jivu, amepatengeneza mwenyewe chini ya ghala. Ikiwa hapana budi kumhamisha kuku, humhamisha usiku, pamoja na kiota chake, gizani na bila ya kelele. Vifaranga wakitoka na kukauka, hapo ndipo moto na fagio na maji ya moto huruhusiwa, na hapo hafanyi huruma.

Katika kiota kimoja alikuwa ametia msumari wenye kutu, kwa itikadi ya watu wengi kwamba chuma huzuia radi isiharibu mayai. Tulimwambia autoe, na katika hilo hatutubu. Mayai huharibika msimu wa mvua kwa sababu paa huvuja na kiota hulowa. Msumari hauzibi paa. Wala mdondo, ambao waganga wa mifugo huuita Newcastle, haukingwi kwa karatasi iliyoandikwa na kufungwa mlangoni mwa banda, hata ikiwa mwandishi wake ana kilemba kikubwa. Unakingwa kwa chanjo, tone moja la jicho kwa kila kuku, na kurudiwa kama waganga wanavyoelekeza. Alicheka, akautoa. Akatuambia nasi tusiwe tunatoa kila tusichokijua.

Yatupasa pia kusema neno juu ya yale matenga. Kuku wa Ukambani hufika sokoni kwetu wamebanana, wa chini wamenyewa na wa juu, na pengine siku nzima hawakupata maji. Twasimama mbele ya tenga tukibishana bei, tukitafuta aliye mzito. Mwanamke aliyemfunga paka bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie, adhabu yake twaijua sote; je, tenga si kifungo? Na kuku aliyelishwa uchafu ana hukumu yake pia. Imepokewa kwamba Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu, akila chakula safi, kabla ya kumchinja. Abu Musa Al-Ash'ari naye alimwita mtu kwenye chakula cha kuku. Mtu yule akajizuia kwa kuwa alimwona kuku akila kitu kibaya, akaambiwa kwamba Mtume mwenyewe alionekana akila kuku. Basi hapana haja ya kuwakirihi kuku wa bara. Yatosha tundu pana, maji, nafaka safi na siku tatu za subira, na wanunuzi kumi wakikataa tenga lililobanana, mchukuzi ataleta matenga mawili.

Yaliyosalia ni malipo. Darsa ilikusanya fedha ikamnunulia mama mitetea sita na jogoo mmoja, na sare ya mtoto ikashonwa, ingawa muhula ulikuwa umekwisha kupita. Tundu letu la waya hakulivunja; sasa hulala humo vifaranga waliokwisha kuachwa na mama zao, na mlangoni ametundika gunia la kuzuia jua.

Mara ya mwisho tulipokwenda, wakati wa Adhuhuri uliingia tukiwa uani kwake. Tukauliza kama twaweza kuswali ndani, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Mama akafungua mlango kidogo, akachungulia nyuma yake, akaurudisha polepole.

"Ana siku kumi na tisa," akasema, na akatuonyesha kivuli cha mbuyu.

Tukatandika mkeka huko.